Kitimoto

Ekari nane za misindano, miaka kumi na tisa,
nimezigeuza kuwa gari moja.
Nilimwambia hivyo karani wa benki pale Mafinga
bila kushusha macho:
hili gari nimelipanda mwenyewe,
mche kwa mche, na mimba ya Oliva tumboni;
nimelipogolea matawi,
nimelilimia njia za moto kila Juni,
nimelilinda na vijinga vya warina asali.
Sasa nipe fedha zangu nikalichukue.

Benzi. Jeusi kama chungu cha msibani.
Dalali kule Dar, kijana wa suti ya kubana,
aliipapasa dashibodi kama anabembeleza ndama,
akasema, Mama, hii ni mbao halisi.
Nikanyamaza.
Mtu akimsifia mbao muuza mbao,
mwache kwanza afike mwisho.

Kitonga tuliipanda bila kukohoa.
Malori yalikuwa yanalia kwa gia ya kwanza,
mimi nasikia saa yangu ya mkononi.
Masikio haya yamelala na kuamka
na dingidong ikipasua magogo.
Ukimya ule ukanitisha.
Nikashusha kioo, nisikie chochote.

Nyololo nikaiacha lami.
Machi, udongo mwekundu, mvua haina adabu.
Tope lilipanda mpaka kwenye nyota ya mbele,
na vijana wanane wa kilabu cha ulanzi
wakalisukuma wakinitania shangazi, shangazi,
wakadai ndoo mbili.
Nikatoa tatu.

Jumapili, mchungaji akasifu baraka zinazoonekana.
Kwenye mnada wa mavuno, kila nilipotaja bei
shingo zote ziligeuka, zikasubiri nipandishe.
Nilimnunua jogoo kwa bei ya mbuzi.
Jogoo mwenyewe chongo.

Usiku ule nikaingia bandani na kurunzi.
Nikainusa dashibodi.
Nikaigonga kwa kifundo cha kidole.
Nikaitia ukucha.
Haina utomvu, haina nyuzi,
haina hata mwaka mmoja ndani yake.
Ni picha ya mbao,
plastiki iliyovishwa sura ya mti
ambao haukuwahi kunyeshewa.
Nilicheka peke yangu mpaka mbwa akabweka,
kisha sikucheka tena, nikakaa.
Nilikuwa nazikumbuka safu zangu,
namna zilivyovuma usiku wa upepo.

Julai ikaja.
Sakitu ililala juu ya mashamba ya chai kama chumvi.
Mama, na miaka yake themanini na miwili,
na kiuno kinachomlaza macho,
alikuwa ameapa haingii ndani ya jeneza lile.
Sina safari, alisema. Nikizikwa, nizikwe mara moja.
Asubuhi moja nikamkalisha tu,
nikabonyeza kitufe chenye alama ya mvuke.
Akatulia.
Akatulia zaidi.
Kisha akauliza, polepole, kwa sauti ya msichana,
nani amewasha moto chini yangu?

Tangu siku hiyo, kabla jogoo chongo hajawika,
anakuja na beseni la viazi,
kisu, na blanketi la mgambo,
anafungua mlango wa kushoto, anamenya.
Maganda yanaanguka kwenye zulia la Wajerumani.
Gari linanguruma kwa adabu, haliendi popote.
Watoto wa jirani wamelipa jina,
Kitimoto,
na Mama, Mlutheri asiye na kinyongo na nguruwe,
amelikubali.

Oliva kapiga simu kutoka Mbeya, kapiga na hesabu:
lita kadhaa kila wiki, Mama, na gari halisogei!
Si bora ungenunua kuni za mwaka mzima?

Namwambia, ndizo, mwanangu.
Ndizo kuni zenyewe.
Ekari nane, zile zilizokuwa na umri wako.
Ndizo zinazowaka.

Ngoja kwanza, bibi yako anagonga kioo.
Viazi vimemwishia.